Kabla hujapiga window, muulize mwenye mashine

Jumamosi asubuhi nilikuwa bado napandisha shata la duka simu ya mama mdogo ilipoingia. Shikamoo yangu hakuiitikia. "Mwanangu, hesabu za kikoba zimepotea. Zote. Na picha za bibi yako." Nikajua wezi wameingia Tabata. Nikamuuliza kama yuko salama, kama mlango umevunjwa. Akasema hakuna mlango uliovunjwa, kompyuta ipo pale pale sebuleni chini ya kitambaa chake cha kufuma, na inawaka vizuri tu. Ila ndani hamna kitu.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amemwita fundi. Mashine ilikuwa nzito, inastaki, ukibonyeza unasubiri. Kijana akaichukua asubuhi, jioni akairudisha, akalipwa elfu ishirini. "Mama, nimeipiga window, sasa inaruka." Kupiga window ni kuifuta Windows, mfumo unaoendesha kompyuta, na kuiweka upya. Mama mdogo hakuifungua sana siku zile, alikuwa na msiba Kigamboni. Ijumaa usiku ndipo aliketi kuandaa taarifa ya kikoba, akakuta deskitopu imebaki na kikapu cha takataka peke yake.

Kwa wasiomjua, mama mdogo ni mwalimu mstaafu na ni katibu wa kikoba chenye wanachama 28. Tangu 2016 anaingiza kila Jumapili hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii kwenye jedwali moja refu. Wanawake wale wamesomesha watoto kwa pesa zinazolindwa na jedwali lile. Na zile picha za bibi nilizipiga skana mimi mwenyewe hapa dukani mwaka 2019, moja moja, albamu ikiwa imeanza kushikana kwa unyevu. Albamu yenyewe ilikuja kwenda na maji ya mvua. Sikubaki na nakala ya pili, na hilo kosa ni langu.

Nilimpigia yule kijana. Ana adabu, hakunijibu vibaya hata kidogo.

"Dada, mama hakuniambia kama kuna vitu."

"Ulimuuliza?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Watu wengi vitu vyao wanaweka D."

Hilo jibu ndilo lililonifanya niandike. Mwalimu wa miaka 67 atajuaje kwamba kwenye kompyuta yake kuna C na kuna D, sehemu mbili za diski, na kwamba fundi akija C inafagiliwa? Yeye anahifadhi pale anapopaona, kwenye deskitopu, kama anavyoweka miwani juu ya meza. Aliyepaswa kujua kwamba deskitopu iko ndani ya C ni yule aliyejiita fundi.

Nina steshenari Mwenge mwaka wa kumi na moja sasa. Kompyuta zangu nne zote ni mitumba, hakuna hata moja niliyoitoa kwenye boksi, na zinachapa kuanzia asubuhi hadi wanafunzi wamalize ripoti zao usiku. Nimekaa na mafundi wengi, nawaheshimu, wengine wamenifundisha bure. Lakini tumejijengea tabia mbaya mjini hapa, kila ugonjwa dawa yake ni moja. Inastaki, piga window. Haitoi sauti, piga window. Printa haisomeki, piga window. Ni sawa na zahanati inayompa kila mwenye homa dawa ya mseto bila kumtoboa kidole. Anayefanya hivyo hajatibu, amebahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake anailipa mwenye mashine.

Tena hata huo uzito haukuondoka. Nilifika Tabata mchana ule, nikaiwasha, dakika tano nzima mshale unazunguka. Siku ya kwanza baada ya kupigwa window kila kompyuta inaonekana mpya, kwa sababu bado haijawekewa programu za ziada. Baada ya wiki mbili kivinjari kimerudi, masasisho yameingia, programu za printa zimerudi, na tatizo uliloliacha linakusubiri pale pale.

Lilikuwa linaonekana, na kuliona hakuhitaji cheti. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka. Acha mashine itulie dakika tano, halafu soma safu zake. Ya mama mdogo ilionyesha diski imesimama kwenye 100%, RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, imejaa karibu yote, na prosesa haijafika hata robo. Hapo umeshaambiwa. Akili ya mashine imekaa bure inasubiri kuletewa vitu.

Mashine ile ni ya mezani, iliwahi kutumika ofisini huko ilikotoka, tukainunua Kariakoo mwaka 2014 ikiwa na Windows 7 na RAM ya GB 2. Baadaye mtu akaipandisha Windows 10 bila kugusa kitu kingine. GB 2 ndicho kiwango cha chini kabisa alichokitaja mtengenezaji kwa Windows 10 ya biti 64, maana yake itawaka, haina maana kwamba utafanya kazi. Fikiria jiko la mama ntilie lenye meza ya kukatia ndogo kama sinia. Nyanya ikiwekwa, kitunguu hakina pa kukaa, kinarudishwa stoo. Kitunguu kikihitajika, nyanya inarudishwa stoo. RAM ndiyo meza, diski ndiyo stoo. Meza ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, bila kupumzika.

Na stoo yenyewe iko mbali. Diski hizi za zamani zina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, za kompyuta mpakato nyingi 5,400, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huku kutafuta kilipo kipande cha faili. Kila safari ya mkono ule inachukua takribani sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa macho yetu ni kufumba na kufumbua, lakini Windows ikiwaka inaomba vipande vidogo maelfu na maelfu, na mkono ni mmoja. SSD, diski ya kisasa, haina kinachozunguka wala mkono. Inajibu maelfu ya maombi kwa sekunde moja. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu miaka yote hii kwamba kwa kompyuta ya zamani hakuna shilingi inayofanya kazi kubwa kuliko shilingi ya SSD, na ya pili ni ya RAM.

Nilishuka Kariakoo Jumatatu. SSD ya GB 240, na RAM mbili za GB 4 zilizotumika, aina ya DDR3. Angalia hiyo aina kabla hujatoa pesa, DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3 hata uisukume, na muuzaji hatakurudishia pesa ukiivunja. Waya wa SSD ni ule ule wa SATA wa diski ya zamani. Bisibisi moja, nusu saa. Jumla haikufika laki na nusu. Duka moja nililopita pale pale lilikuwa limeshamwambia jirani yangu kwamba mashine za umri huu ni za kutupa, anunue nyingine.

Nitakubali jambo moja hapo. Microsoft iliacha kuisasisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa ambazo mitumba yetu mingi haina. Ni kweli, na si jambo dogo kwa anayefanya miamala ya benki kwenye kompyuta. Lakini kutoka hapo hadi jalalani kuna hatua nyingi. Mama mdogo nimemwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Anachotumia ni kivinjari, jedwali na printa, na jedwali la Excel linafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi hiyo hiyo. Siku mbili alilalamika kwamba vitufe vimehama, siku ya tatu akaacha. Zamani alikuwa anaiwasha, anainjika chai, anarudi bado. Sasa inawaka kabla hajakaa vizuri.

Kuna mambo madogo pia, na mengi hayana gharama. Kwenye Task Manager hiyo hiyo nenda Startup, zima programu zote zinazojiwasha zenyewe bila kuombwa. Usiweke kinga mbili za virusi, zinagombania kila faili linalofunguliwa. Windows 10 ina ya kwake. Programu zinazojitangaza kwamba zitaisafisha na kuipa kasi kompyuta yako ziache, nyingi zinaongeza mzigo zilioahidi kuutoa. Ukiunganisha kompyuta kwa hotspot ya simu, iambie kwamba muunganisho una kikomo, la sivyo masasisho yatakula bando na kuizubaisha mashine kwa pamoja. Na fungua kasha upulize vumbi. Kwa joto letu na vumbi letu, feni ikiziba prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na utasingizia Windows.

Lingine linalonisikitisha kila linapoletwa dukani: kompyuta inayosahau tarehe. Ukiiwasha inasema ni mwaka 2009, tovuti zote zinakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama, na mtu anaambiwa apige window. Ni kibetri cha CR2032 kwenye ubao mama kimekwisha. Kinauzwa hata kwa mafundi saa.

Sikatai kwamba kuna siku kupiga window ni sahihi. Virusi vikishika mizizi, mafaili ya mfumo yakiharibika, hata mimi nitapiga. Lakini hata siku hiyo hakuna ulazima wa kumfuta mtu maisha yake. Windows 10 yenyewe ina njia ya kujirudisha upya ikaacha mafaili ya mwenyewe, ikaondoa programu tu. Na kama njia hiyo haifai, toa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, nakili kila kilicho chini ya jina la mtumiaji, mwite mwenyewe aje afungue faili mbili tatu kwa mkono wake aone ni zake. Ndipo ufute. Kazi hiyo inakula saa mbili? Mwambie bei ya saa mbili. Mama mdogo angelipa elfu hamsini, angelipa laki, asingeuliza mara mbili. Hakuna aliyempa nafasi ya kuchagua.

Nawaomba mafundi, wadogo zangu wengi wenu, msiishike mashine ya mtu kama fremu tupu. Fundi cherehani akipewa gauni la kupunguza anapapasa mifuko kwanza. Nanyi ulizeni. Kuna picha? Kuna hesabu? Kuna kazi ya mtoto ya chuo? Nani mwingine anaitumia? Na mkibadilisha diski, ile ya zamani mrudishieni mwenyewe mkononi.

Diski ya zamani ndiyo iliyotuokoa, kwa kiasi. Kufomati kwa haraka kunafanana na kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye daftari. Kurasa za ndani bado zipo mpaka zitakapoandikwa juu yake. Kwa hiyo likikukuta kama hili, zima mashine hapo hapo, usifungue chochote, usipakue kitu. Sisi tulikuwa tumechelewa wiki mbili, na masasisho yalikuwa yameshaandika juu ya mengi. Na kama ingekuwa SSD, pengine tusingepata kitu, kwa sababu SSD zinasafisha zenyewe sehemu zilizofutwa. Niliichomoa ile diski, nikaiunganisha dukani kwenye mashine yangu, nikaiendesha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, usiku kucha, siku tatu.

Jedwali la kikoba tulipata nakala ya 2021, nakala nyingine zilifunguka zikiwa zimeharibika. Wanachama wameleta vitabu vyao vya hisa, kila mmoja na mihuri yake, na mama mdogo anaingiza upya wiki kwa wiki. Wawili wamepoteza vitabu. Pesa zao zitajadiliwa kikaoni, mbele ya wote, na mama mdogo halali vizuri kwa sababu hiyo.

Picha zimerudi 143. PhotoRec hairudishi majina, zinakuja na herufi f na tarakimu ndefu tu, zimechanganyika na picha za matangazo kutoka kwenye kivinjari. Jumapili jioni nilikwenda na diski za nje mbili, moja ya kwake, moja ya kwangu. Tuliketi pale sebuleni, mimi nafungua, yeye anataja. Huyu ni bibi yako, Korogwe, kabla hajaumwa. Hii ni harusi ya mjomba wako. Huyu simjui, subiri nimpigie dada. Saa nne usiku tulikuwa tumefika ya sitini, akasema tusiache, nikaenda kuinjika chai.