Kesi ya S.M. Otieno msiipite juu juu

Makala yenu imemuenzi vizuri wakili Mkenya John Khaminwa, ila kesi ya mazishi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi, mmeipa sentensi moja tu. Jamani! Mwili ulikaa mochari tangu Desemba 1986 hadi Mei 1987, Khaminwa akimtetea mjane Wambui aliyetaka kumzika mumewe Matasia, karibu na Nairobi, nao ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukishikilia azikwe Nyalgunga, kwao Siaya. Hata mchimba kaburi alipanda kizimbani. Khaminwa alishindwa, lakini nani amesomea sheria Kenya asiijue kesi hiyo? Na hapo alikuwa ameshaonja maisha ya kizuizini: 1982 alizuiliwa bila mashtaka baada ya kumtetea Stephen Muriithi, aliyekuwa mkubwa kwenye ujasusi. Mwaka 2018 bado alikuwa kortini, safari hii akimtetea Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa aliyefukuzwa nchini. Hawa mawakili wetu wa leo wanaokimbilia mikataba minono tu wangethubutu?