Usikiulize kila kitabu kinafundisha nini

Nina meza ya vitabu vya mtumba hapa Dar, pembeni ya barabara maeneo ya Posta, huu mwaka wa 11 sasa, na kuna kitu kimenikaa moyoni siku nyingi leo nataka nikiseme. Wasomaji wa Kiswahili tunavionea vitabu vyetu. Tuna swali moja tu, kitabu hiki kinafundisha nini, na tunatembea nalo kila mahali, kwenye upelelezi tunauliza hilohilo, kwenye mashairi hilohilo, kwenye hadithi ya mapenzi hilohilo, na kitabu kisipojibu tunakirudisha mezani tunasema hakina maana.

Najua tulikolitoa. Ni darasani. Aliyepita sekondari Tanzania anakumbuka fani na maudhui, dhamira kuu na dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, msimamo wa mwandishi, alafu mtihani unakuja na lile swali la onesha jinsi waandishi wawili walivyofanikiwa kuielimisha jamii, hoja 3 kutoka kila kitabu. Nililijibu nikapata alama nzuri tu na vile vitabu sikuvigusa tena miaka mingi. Nilikuja kuvipenda nimeshakuwa mtu mzima, nimekaa kwenye stuli nasubiri wateja, sina mtihani wowote mbele yangu.

Ukikaa na vitabu barabarani unajifunza kuangalia mikono ya watu. Mtu wa upelelezi hafungui katikati hata siku moja, anafungua ukurasa wa kwanza na anausoma amesimama, begi begani, jua linampiga, na ukiona amegeuza kwenda wa pili ujue biashara imeisha. Mtu wa mashairi anafungua popote na midomo inacheza. Mtu wa kitabu cha maisha ya kiongozi anakwenda moja kwa moja kwenye picha za katikati. Wale wa vitabu vya mafanikio wanasoma yaliyomo, mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua risiti, na hao sina ugomvi nao, maana kitabu chao kweli kimeandikwa kifundishe kwa hiyo swali lao limekaa mahali pake.

Nianze na upelelezi kwa sababu ndo unaoonewa kuliko vyote. Wasomi wana jina lake, wanaita riwaya pendwa, na ukiwasikiliza vizuri unagundua hilo neno pendwa wanalitumia kushushia, yaani kupendwa na watu imekuwa ndo kasoro, zile nyingine ndo riwaya dhati. Mimi nawaambia njooni mkae mezani kwangu wiki moja. Nina mteja mmoja mzee, alikuwa mhasibu, amestaafu, kila mwisho wa mwezi anapita. Siku moja alinirudishia kitabu amekasirika kabisa, sio kwamba kilichanika au kilikosa kurasa, ananiambia kijana wangu huyu muuaji katoka wapi, kurasa 140 nimekaa na watu wengine nawachunguza mmojammoja, mwisho naletewa mtu sijawahi hata kusalimiana naye. Nikambadilishia. Huyo mzee amenifundisha uhakiki kuliko notsi zangu zote za kidato cha 4. Msomaji wa upelelezi anataka haki, anataka kila alichokijua mpelelezi na yeye awe amekipita kwa macho yake, ashindwe kwa uzembe wake mwenyewe asishindwe kwa kufichwa. Ndo maana Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Mohammed Said Abdulla, bado anatembea. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka 1960, Zanzibar haijapata hata uhuru, na leo nikiipata nakala moja haikai mezani siku 3. Bwana Msa ana kiko chake na anafikiri, na msomaji anafikiri naye, hilo tu, na hilo ni kubwa sana.

Ila hata ndani ya upelelezi watu hawatafuti kitu kimoja. Anayemuulizia Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba, hana shida na kitendawili. Anataka mbio, na anataka kuona mtu wetu anashinda. Kumbuka Musiba alianza kumtoa Willy Gamba mwaka 1974, na Dar ndo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, tangu 1963, wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Afrika Kusini wanapita mitaa hiihii ninayouzia mimi vitabu. Kwa hiyo msomaji wa wakati ule akiambiwa kuna jasusi wa makaburu mjini hakuona kama ni sinema, alikuwa akitoka nje anamwangalia kila mgeni mara mbili. Baba zetu wanavyoviulizia vitabu hivyo sauti inabadilika kabisa, na sidhani kama kuna hoja 3 za mtihani zinazoweza kulibeba hilo.

Hadithi za mapenzi nazo. Hapa nakiri nilikuwa nakosea. Kuna dada mmoja nesi, akitoka zamu ya usiku anapita kwangu asubuhi, anachukua kitabu, anageuza nyuma na mbele, ananiuliza kwa sauti ndogo, kaka hawa wanaoana? Zamani nilikuwa nakataa kumwambia, nikiona ntaharibu stori. Siku moja akanieleza mwenyewe, kwamba usiku kucha anaona mambo ambayo hajui yataishaje, kwa hiyo akienda kulala anataka kitabu ambacho mwisho wake anaujua, aangalie tu wanavyofika. Toka siku hiyo namjibu. Ndio dada, wanaoana. Na kitabu cha namna hiyo kazi yake iko njiani, kwenye zile barua, kwenye kununiana, kwenye shangazi anayetia fitina, mwandishi akiharakisha hapo hata harusi iwe nzuri vipi msomaji anaona kaibiwa. Kinachoniuma ni kwamba huyo dada ananiomba nimfungie kitabu na gazeti ili wenzake wasione kava. Mtu mzima, anafanya kazi ngumu vile, anaona aibu kwa sababu kuna siku mtu alimwambia vitabu hivyo havifundishi kitu.

Sasa hili swali halikuishia kuwaaibisha watu, liliwahi kufungia kitabu kabisa. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni. Walioiuliza inafundisha nini walijijibu kwamba inafundisha uhuni. Rosa ni binti wa Ukerewe, baba yake mlevi na mkali, anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, anakuja kutoka nje ya ule ulinzi hajui hata aanzie wapi kuishi, na yanayompata yanatisha. Baadaye kitabu hichohicho kikaingia kwenye orodha ya kusomwa shule. Maneno hayakubadilika, kurasa ni zilezile. Kina mama wanaokuja kukiulizia kwangu, na wengi walikisoma kwa kujificha, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kilimfundisha. Wanasema nilimjua Rosa. Au wanasema baba yangu alikuwa vile. Mama mmoja alikishika tu akakaa kimya muda mrefu, akalipa, akaondoka. Riwaya za namna hii mtu anatafuta ukweli wa watu, anataka asione mkono wa mwandishi ukimsukuma mhusika ili somo litimie, na msomaji wa Kiswahili ana pua kali kwa hilo, mhusika akianza kuongea kama mgeni rasmi tu wanakifunga.

Kuongea. Hapo kwenye kuongea ngoja niongeze kitu, kwa sababu ndo lalamiko ninalolisikia kwa watu wa kila aina ya kitabu. Wahusika wanaongea kama taarifa ya habari. Konda wa daladala anasema tafadhali naomba nauli yako. Jamani konda gani huyo? Msomaji anasamehe stori kuwa ya kawaida, anasamehe karatasi mbovu na herufi zinazofutika, lakini mazungumzo ya uongo hasamehi. Watu wanaowapenda waandishi wa Zanzibar, kina Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, ukiwauliza kwa nini, jambo la kwanza wanalolitaja ni lugha, wanakwambia nikisoma nasikia watu.

Mashairi ni kesi nyingine na hapa mezani pangu pana ugomvi wa kudumu. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, watu hawajapatana mpaka leo. Nina mzee wa Tanga anahesabu mizani, yaani silabi za mstari, kwa vidole, 8 na 8, akikuta mstari una 15 anakirudisha kitabu kama mtu aliyekuta wali una mchanga. Na nina vijana wa chuo wanaotaka yale huru, wanasema vina vinawabana. Mi nimewasikiliza wote na naona mzee anaeleweka vibaya. Wanadhani anapenda sheria. Anachopenda ni kukariri, shairi lenye vina linakaa kichwani bila kitabu, analo barabarani, analo akisubiri pensheni, analo usiku umeme ukikatika. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga humo gerezani, kwa vina na mizani kamili, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yule mzee ananisomea baadhi kwa moyo, hana kitabu mkononi, na sauti inamkatika. Sasa ukimkatiza ukamuuliza je ujumbe ni nini si utakuwa umemkosea adabu?

Vitabu vya maisha ya watu nimesema wanaanza na picha. Mzee Mwinyi alipotoa kitabu chake mwaka 2021 niliulizwa na watu ambao miaka yote wananipita wakiangalia simu, maana kiliandikwa kwa Kiswahili na walitaka kumsikia mwenyewe anavyohadithia. Baada ya picha wanatafuta majina, nani katajwa na nani kaachwa. Na baada ya majina wanatafuta kosa. Mteja mmoja mwalimu aliniambia akimaliza kitabu cha mtu mkubwa hajakuta mahali alipokosea hamwamini hata tarehe ya kuzaliwa. Nakubaliana naye asilimia mia.

Vya watoto nisiseme sana. Mzazi anatafuta somo na bei, mtoto anatafuta picha ya fisi. Mzazi akimwachia mtoto achague wanarudi mwezi unaofuata, akichagua mwenyewe siwaoni tena.

Ninachowaomba wachapishaji, na nawaomba kwa heshima kwa sababu najua soko lenu kubwa ni mashule na bila shule mngefunga milango, mtazame kava la nyuma. Karibu kila kitabu kinasema kinaelimisha, kinaonya na kuburudisha, kinafaa kwa shule za sekondari na vyuo. Kuburudisha kila siku ni wa mwisho. Yule mzee mhasibu anataka kujua kama muuaji yuko ndani tangu mwanzo. Yule nesi anataka kujua kama wanaoana. Mwambieni kila mtu kile anachokitafuta, kwa maneno ya kawaida, na mimi huku nitauza.

Wiki iliyopita kaja binti wa shule, sare ya kidato cha 3, anaulizia kitabu cha orodha. Sikuwa nacho. Kabla hajaondoka akaokota kitabu kimoja chakavu cha Bwana Msa ambacho yule mzee mhasibu aliniuzia tena alipomaliza. Mzee ana tabia ya kusoma na penseli, anatia alama ya kuuliza pembeni ya jina la kila anayemshuku, akighairi anafuta kwa mstari. Binti akaanza ukurasa wa kwanza amesimama. Akageuza wa pili. Daladala la kwao likapita, likapita na la pili. Mwishowe akainua kichwa, kidole kiko kwenye alama ya penseli, akaniuliza, "Shikamoo kaka, samahani, huyu aliyeandika hapa alipatia?"

Nikamwambia sikwambii, nenda kasome.