Sataranji Nyanda za Juu Kusini: mwamuzi na saa kwanza, kombe baadaye

Wachezaji wa sataranji wa Mbeya, Iringa au Njombe wanapokutana kupanga mashindano, mjadala huanzia kwenye zawadi. Wanaulizana kombe litagharimu kiasi gani, mgeni rasmi awe nani na fulana ziwe za rangi gani, na fedha chache zilizochangwa huwa zimekwisha kabla mtu hajauliza saa za mchezo zitatoka wapi na nani ataamua ugomvi ukizuka mezani. Ninaandika makala haya kuupinga utaratibu huo. Kwa sisi wachezaji wa ridhaa wa ukanda huu, shilingi ya kwanza ingepaswa kumsomesha mwamuzi, ya pili inunue saa, na kombe lisubiri zamu yake.

Sababu iliyo karibu nasi zaidi ni simu. Vijana wengi wanaocheza leo Mwanjelwa, Uyole au kwenye mabweni ya vyuo vya Iringa hawakujifunzia mchezo huu ubaoni. Wamejifunzia kwenye programu kama Lichess, ambayo tangu mwaka 2010 imekuwa ikitolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Ninaishukuru sana programu hiyo, kwa kuwa bila hiyo wengi wetu tusingekuwa na mpinzani. Lakini simu inamfanyia mchezaji kazi nyingi bila yeye kutambua: inamwonyesha kete inaweza kwenda wapi, inakataa hatua isiyoruhusiwa, inaendesha saa na inaandika mchezo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye ubao halisi kazi hizo zote zinamwangukia yeye mwenyewe, tena mbele ya mtu aliyekaa anamtazama. Ukigusa kete yako kwa nia ya kuichezesha, ni lazima uichezeshe ikiwa ina pa kwenda. Ukigusa ya mpinzani, ni lazima uile ikiwa inalika. Saa inabonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Katika mchezo mrefu, hatua batili ya kwanza inampa mpinzani nyongeza ya dakika mbili, na ya pili kwa kawaida inakupotezea mchezo. Simu nayo, iliyotulea sote, ikikutwa mfukoni mwako ukumbini bila ruhusa, unahesabiwa umeshindwa.

Kanuni hizi hazijifundishi zenyewe, na pasipo mtu mwenye mamlaka ya kuzisimamia zinageuka kuwa chanzo cha uhasama. Nimewahi kushuhudia mchezo mzuri, uliochezwa kwa utulivu kwa zaidi ya saa moja, ukiharibika kwa sababu mmoja alidai mwenzake amemgusa malkia kisha akabadili mawazo. Hapakuwa na mwamuzi, kwa hiyo watazamaji wakapiga kura. Aliyeshindwa kwa kura hizo alikuwa mchezaji makini, na hakurudi tena. Hakuna kombe ambalo lingemrudisha mtu huyo.

Hapa ninawafikiria pia wazee na vijana wa drafti, ambao kwa maoni yangu ndio hazina kubwa tusiyoitazama. Kwenye vijiwe vyao kuna watu wanaoona hatua nyingi mbele bila kugusa kete hata moja, na uwezo huo ndio unaotakiwa katika sataranji. Kinachowatenganisha na sisi ni desturi ya mezani, kwa kuwa kwenye drafti mtazamaji huruhusiwa kucheka, kukosoa na hata kushauri, ilhali kwenye sataranji ya mashindano mtazamaji anayesema neno juu ya mchezo anaweza kutolewa nje. Mzee aliyezoea kijiwe hataikubali amri hiyo kutoka kwa kijana anayecheza meza ya pili. Kwa mwamuzi anayeijua kazi yake ataikubali, maana wazee wetu wanaheshimu utaratibu wanapoona unamhusu kila mtu.

Sababu nyingine ni viwango, yaani namba rasmi inayoonyesha nguvu ya kila mchezaji. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, lilianza mwaka 1970 kutumia hesabu ya Arpad Elo kupima nguvu za wachezaji. Hesabu yenyewe inaeleweka kirahisi: mchezaji ambaye kiwango chake kinamzidi mwenzake kwa 200 anatarajiwa kuvuna takribani pointi tatu katika kila michezo minne, ushindi ukiwa pointi moja na sare nusu; akivuna zaidi kiwango chake kinapanda, akivuna pungufu kinashuka. Kwa mtu wa ridhaa, namba hiyo ni kipimo kisichotegemea sifa za marafiki. Mwalimu wa Mafinga au fundi wa Kyela anaweza kujua kwa hakika kama mwaka huu amecheza vizuri kuliko mwaka jana, na mtu wa nchi yoyote akimtazama ataielewa namba ileile.

Sasa, namba hiyo haipatikani kwa kushinda kombe la mtaa. Mashindano yanayohesabiwa ni lazima yasajiliwe mapema kupitia chama cha taifa na yaongozwe na mwamuzi mwenye leseni. Mchezaji mpya anahitaji angalau michezo mitano dhidi ya wapinzani wenye viwango tayari, ingawa anaweza kuikusanya katika mashindano tofauti kwa muda wa miezi 26. Tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa kilipandishwa kutoka 1000 hadi 1400, kwa hiyo mgeni hawezi kuingia kwenye orodha kwa kubahatisha. Mashindano yetu, hata yale yaliyofana, hayamsogezi mtu hatua moja kwenye safari hiyo. Mtu anaweza kucheza Mbeya miaka mingi, akawafunga wote, na kwenye kumbukumbu za mchezo akawa kama hajawahi kukaa mezani.

Ninajua jibu ninalopewa kila ninapolisema hili: bila zawadi watu hawatakuja, na bila kombe mfadhili hana cha kupigia picha. La mfadhili lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, wachezaji ninaowafahamu wanalipa nauli yao wenyewe, wanakaa siku nzima kwenye viti vya plastiki, na wengi wao wanajua tangu asubuhi kwamba hawatashika nafasi ya kwanza. Wanakuja kwa ajili ya mchezo. Ukiwapa michezo mitano ya haki, inayohesabiwa, kwa saa zinazofanya kazi, umewapa wote waliokuja, ilhali kombe umempa mmoja.

Mfumo wa Uswisi, uliotumika kwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1895, ulibuniwa kwa mazingira ya namna hii, ya wachezaji wengi na muda mchache. Wachezaji 32 wakitaka kukutana wote kwa wote wangehitaji raundi 31. Kwa mfumo huu, ambapo kila raundi unapangwa na mwenye pointi zinazokaribiana na zako, raundi tano zinatosha kumpata mshindi, na aliyepoteza mchezo wa kwanza bado ana minne ya kucheza na watu wa nguvu zake. Ukiwa na dakika 60 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, raundi tano zinaingia katika siku mbili. Tena kanuni za mashindano zinaweza kumruhusu mchezaji kuomba nusu pointi kwa raundi asiyoweza kucheza. Kwa ukanda wenye Wasabato wasiocheza Jumamosi na waumini wa madhehebu mengine walio ibadani Jumapili asubuhi, ruhusa hiyo ina thamani kubwa, na ni mwamuzi aliyesoma atakayejua kuitumia bila kumwonea mtu.

Wapinzani wenye viwango watatoka wapi? Tumezoea kutazama Dar es Salaam, na umbali wa zaidi ya kilomita 800 unatukatisha tamaa. Mbeya iko takribani kilomita 100 kutoka Tunduma, na ng'ambo ya mpaka ni Zambia, nchi ya Amon Simutowe, mchezaji wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kupata hadhi ya Grandmaster, yaani ile ya juu kabisa inayotolewa na FIDE. Kyela nako kunapakana na Malawi. Ukanda wetu uko pembezoni ukiutazama kutoka pwani tu. Ila mchezaji wa Zambia mwenye kiwango chake hataleta namba aliyoitolea jasho kwenye mashindano yasiyo na mwamuzi, na hatuwezi kumlaumu.

Pendekezo langu ni hili. Michango ya mwaka ujao iwalipie watu wawili mafunzo ya uamuzi, ambayo siku hizi hutolewa pia kwa njia ya mtandao, mmoja kutoka Mbeya na mwingine kutoka Iringa, ili pasiwe na mkoa unaoshikilia mashindano yote. Kitakachobaki kinunue saa za dijitali, na saa hizo ziwe mali ya ukanda, zisibaki kabatini kwa mtu mmoja. Mashindano ya kwanza yafanyike Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea inakutana na ile ya Iringa na Mbeya na reli ya TAZARA inapita, katika ukumbi wowote wa shule utakaopatikana wakati wa likizo. Yakiangukia Julai, wageni waambiwe mapema waje na makoti.