Mwezini Hakuna Paa la Redio

Ukitoka Kampala kwenda Kabale, stesheni za FM zinazorushwa kutoka kilima cha Kololo hukuacha njiani. Vilima vya Kigezi vikishaingia katikati, spika hubaki kukoroma. Lakini jua likizama, dereva akihamia masafa ya kati, sauti za nchi jirani huingia, nyingine kwa Kiswahili safi. Mawimbi ya aina hiyo yana njia mbili: hutambaa juu ya ardhi, na usiku hugonga tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, kisha hurudi chini.

Mwezini tabaka hilo, ambalo ni kama paa la redio, halipo la kutegemewa. Tena Mwezi ni mdogo, una nusu kipenyo cha kilomita 1,737 tu. Antena ikiwa mita 2 juu ya ardhi tambarare, upeo wake ni kama kilomita 2.6, duniani ungekaribia 5. Ndiyo maana wapo wanaotetea masafa ya chini: wimbi refu hupinda likafuata mgongo wa ardhi na kuzunguka kilima kilichomficha msafiri.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila ardhi yenyewe inaipunguza nguvu. Duniani mawimbi hutambaa mbali zaidi juu ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Vumbi la Mwezi ni kavu kabisa, halipitishi umeme karibu hata kidogo, kwa hiyo sehemu ya wimbi huzama chini na ile inayobaki juu hufifia mapema.

Hata hivyo, ukavu huohuo una faida ambayo mimi naiona kubwa. Desemba 1972, wanaanga Cernan na Schmitt wa safari ya Apollo 17 walitandaza nyaya za antena moja kwa moja juu ya vumbi la bonde la Taurus-Littrow, wakarusha mawimbi ya megahezi 1 hadi 32, kipokezi kikiwa kwenye gari lao. Mawimbi yaliyozama yalipita ndani ya ardhi bila kumezwa sana. Laza waya wako kwenye shamba la Kabale lililolowa mvua uone nguvu inavyopotelea udongoni! Hili lina uzito, maana wimbi la kilohezi 100 lina urefu wa kilomita 3, na mlingoti wa kulifaa nani atausimamisha Mwezini? Waya wa kutandaza unawezekana.

Picha na data nyingi, hapana. Masafa hayo ya chini hayana nafasi ya kuzibeba. Kazi hiyo ni ya setilaiti, kama Queqiao ya China ilivyokiunganisha chombo cha Chang'e 4 na Dunia mwaka 2019 kutoka upande wa Mwezi tusiouona. Ila setilaiti ikizima, mtu aliye ndani ya shimo anahitaji njia ya kusema yuko hai. Kwa ishara fupi za dharura, za kilomita chache nyuma ya kilima, ningeyapa masafa ya chini nafasi bila kusita.

Lakini upande huu unaoitazama Dunia tu. Setilaiti ya Explorer 49, iliyorushwa mwaka 1973, ilipopita nyuma ya Mwezi, kelele za redio za Dunia zilizibwa. Wanaastronomia wanautaka ukimya huo wasikilize mawimbi ya masafa ya chini kutoka enzi za mwanzo za ulimwengu, na mtambo mmoja wa kurushia uliowekwa huko utawaharibia.