Apdeti mlizozima zinanihusu na mimi

Juzi nimeingia stesheneri moja karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kuprinti barua. Kijana wa kaunta kachukua flashi yangu kachomeka, pembeni kuna flashi nyingine za wanafunzi zinasubiri zamu, nikaona kwenye skrini Windows inalalamika apdeti zimesimamishwa. Nikamuuliza. "Kaka hizo tumezima kitambo, zinamaliza bando, ila antivairasi ipo." Nimetoka pale roho inaniuma kwa kweli.

Sisi tumekua na virusi vya shortcut, ndo maana tunaamini hatari ipo ndani ya faili, usipolifungua uko salama. Sivyo jamani. Ukichomeka flashi, kabla hujaona hata folda moja, Windows inasoma sekta za mwanzo ijue klasta (vipande vya kuhifadhia data) zina ukubwa gani, jedwali la FAT (ramani ya kila faili liko vipande vipi) linaanzia wapi na mambo kama hayo, na namba zote hizo zinatoka kwenye flashi yenyewe, yaani aliyeiandaa anaweza kuweka anachotaka. Kodi inayozisoma iko ndani ya kerneli, yaani kiini cha Windows chenye mamlaka juu ya mashine nzima, na imeandikwa kwa C, lugha ambayo haikuzuii kuandika nje ya nafasi uliyotenga. Mtu akiweka namba kubwa makusudi, hesabu inavuka biti 32 inarudi kuwa ndogo, inatengwa memori kidogo halafu data inayoingia ni ileile kubwa. Ni kama ghala pale Kibaigwa limeandaa nafasi ya gunia 20 kwa maneno ya dereva, lori likashusha 200, zilizozidi zinaangukia mzigo wa mtu mwingine. Antivairasi inakuja kukagua mafaili wakati huku chini kazi imeshaisha.

Na haya yametokea. Tarehe 11 Machi 2025 Microsoft walitoa viraka vya kasoro ambazo wahalifu walishaanza kuzitumia, kila kasoro na namba yake ya utambulisho inayoanza na CVE. CVE-2025-24985 iko kwenye draiva ya Fast FAT, ile kodi inayosoma diski za FAT, ni hiyo hesabu kufurika, na CVE-2025-24993 iko kwenye NTFS, mfumo mwingine wa faili wa Windows. Hizo mbili mtu anadanganywa afungue diski ya VHD (faili ambalo Windows inalifungua kama diski) iliyochezewa. Ila inayoninyima usingizi ni CVE-2025-24984, ya NTFS pia, ambayo mshambuliaji anachomeka USB aliyoiandaa na anaweza kupata vipande vya memori ya mashine. Ilipewa alama 4.6 kati ya 10, kwa sababu lazima mtu aifikie mashine kwa mkono.

Sasa stesheneri mashine inafikiwa na nani? Na kila mtu! Kuanzia asubuhi mpaka usiku kazi ni kupokea flashi za watu usiowajua na kuzichomeka, na kwenye mashine hiyohiyo vinapita vyeti vya watu, namba za NIDA, fomu za mkopo, salary slip za watumishi. Ile alama imepigwa kwa kufikiria ofisi yenye mlango na mlinzi, haikufikiria kaunta ya huku mtaani Ng'ong'ona, Dodoma. Kwetu hiyo ni kasoro kubwa na tuichukulie hivyo.

Watakaosema tuhamie Linux, sawa, ila kasoro iliyoitwa Sequoia, iliyogunduliwa 2021, CVE-2021-33909, ilikaa kwenye kodi ya mfumo wa faili ya Linux tangu 2014. Dawa ya kudumu ni kuachana na C taratibu: Android kasoro za memori zilikuwa asilimia 76 ya kasoro zote za usalama mwaka 2019, zikashuka hadi 24 mwaka 2024 baada ya kodi mpya kuanza kuandikwa kwa lugha kama Rust, ambayo yenyewe inakuzuia kuandika nje ya nafasi uliyotenga. Vyuo vyetu viifundishe.

Bando ni ghali, hilo nalikubali, na kuna apdeti zinagandisha mashine mteja amesimama mbele yako. Lakini bando la usiku lipo, na kiraka cha mwezi mmoja hakiwezi kuzidi thamani ya vyeti vya mtaa mzima. Wenye stesheneri, washeni apdeti leo mkifunga. Kama mashine ni Windows 10 na haijaguswa tangu kabla ya Machi 2025, anzeni na hiyo, na mpaka ikamilike msichomeke flashi ya mtu, mteja awatumie faili kwa imeili.