Kabla ya kuuliza bei ya kiti, pima paja lako

Watu wengi wakienda kununua kiti cha ofisini huanza na mgongo wake: una mto wa kiuno? Ni wavu au ngozi? Unafika kichwani? Kwangu mimi swali la kwanza ni kina cha kikalio, yaani umbali kutoka kwenye egemeo hadi ukingo wa mbele. Ndicho kipimo kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho kinachoamua kama hayo mengine yatakufaa.

Mtu mfupi akikalia kikalio kirefu, hana pa kukimbilia. Akirudi nyuma aegemee, ukingo unamkandamiza nyuma ya goti, mahali ambapo mishipa ya damu na neva hupita, na baada ya muda miguu inakufa ganzi. Akisogea mbele kuyaokoa magoti, mgongo unabaki hewani, na ule mto wa kiuno alioulipia haumgusi tena. Atashinda siku nzima amejikunja juu ya kiti cha bei kubwa. Kipimo chenyewe ni rahisi: kaa mpaka makalio yaguse egemeo, kisha pitisha vidole viwili au vitatu kati ya ukingo na nyuma ya goti. Visipopita, kiti hicho si chako, labda kiwe na kikalio kinachosogezwa mbele na nyuma. Kwa aliye mrefu shida ni kinyume: nafasi inazidi mno, mapaja yanakosa pa kulalia na uzito wote unabaki kwenye makalio.

Ndiyo maana naiheshimu Aeron, kiti cha ofisini cha kampuni ya Herman Miller kilichotoka mwaka 1994. Walioibuni, Bill Stumpf na Don Chadwick, waliitoa kwa saizi tatu, A, B na C, kama viatu. Simshauri kila mtu aitafute, maana ni ghali. Ila wazo lake ni la haki, na inanisikitisha kuona ofisi zikiendelea kuagiza kiti cha aina moja kwa wafanyakazi wote. Mwenye mwili wa wastani hatalalamika. Watakaoumia ni mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote, nao mara nyingi watadhani kosa ni la miili yao.

Kimo nacho kina mtego, na mtego huo ni meza. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75 na hazishuki. Ukipandisha kiti ili viwiko vilingane nayo, nyayo zinaweza kuning'inia. Hapo tafuta kitu imara cha kuwekea miguu. Usikione ni anasa. Angalia pia mikono ya kiti: isiposhuka vya kutosha itagonga meza, nawe utafanya kazi ukiwa umeinamia mbele.

Kuhusu mgongo wenyewe, ule ushauri wa kukaa wima kama askari wa gwaride siukubali. Daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, na wenzake walipima kwa sindano mgandamizo ndani ya diski, vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo, za watu walio hai, na waliona unapungua kadiri mtu anavyoegemea nyuma. Kwa hiyo chagua egemeo linalolala kidogo na kukufuata unapojinyoosha. Mto wa kichwa unaweza kusubiri.

Dukani usikae dakika moja ukasimama. Vaa viatu unavyovaa kazini, kwa sababu kisigino hubadilisha kimo, ukae kwa muda huku ukijifanya unaandika, na ujaribu kila wenzo wa kurekebishia kiti ukiwa umekaa. Wenzo unaokulazimisha kuinuka na kupiga magoti ndipo uufikie hutaugusa tena baada ya wiki ya kwanza. Na kabla ya kulipa, uliza kama unaweza kukirudisha, kwa sababu maumivu ya kiti kibaya huchukua siku kadhaa kujitokeza.