Miaka na Miji Mikuu: Mtoto Akariri Nini?

Wapo wanaosema kumkaririsha mtoto miaka na miji mikuu ni kumchosha bure: afundishwe kuelewa, mengine atayakuta kitabuni. Kwenye jiografia nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Astana, mwaka 2019 ukapewa jina la Nur-Sultan, na mwaka 2022 ukarudishiwa la zamani. Hata mabara hayana hesabu moja; wengine hufundishwa saba, wengine sita. Tena mtoto anaweza kuitaja Canberra, mji mkuu wa Australia, bila kusita, halafu ukimpa ramani isiyo na majina asijue pa kuweka kidole. Hapo amejifunza wimbo tu.

Historia ni kesi nyingine. Kuna maelezo yanayopendwa sana kuhusu safari za Wazungu baharini: Waturuki wa Osmani waliteka Konstantinopoli (Istanbul ya leo) mwaka 1453, biashara ya viungo ikabanwa, Ulaya ikalazimika kutafuta njia ya majini. Yana chanzo, yana matokeo, na ndiyo hasa "kuelewa" kunakosifiwa. Lakini Wareno waliteka Ceuta, kaskazini mwa Afrika, mwaka 1415. Mwaka 1434 meli yao ilikwishapita Rasi ya Bojador, ikiambaa na pwani ya magharibi ya Afrika kuelekea kusini. Konstantinopoli ilikuwa bado haijaanguka! Pengine 1453 iliongeza kasi. Kuwa mwanzo haiwezi. Asiye na miaka hiyo kichwani atayameza maelezo hayo mazima mazima, kwa kuwa hana cha kuyapimia.

Miaka huzaa maswali pia. Mreno Bartolomeu Dias aliizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488, na Christopher Columbus, kwa gharama ya Hispania, akaelekea magharibi mwaka 1492. Mtoto mdadisi atauliza: kama njia ya kusini ilishaonekana, huyu alikuwa akihangaika na nini? Mweke mbele ya tufe. Ureno ilikwishauona mlango wa Bahari ya Hindi, haikuwa na haja ya kumgharamia mtu wa kwenda upande mwingine. Hispania, isiyo na njia hiyo, ilikuwa na kila sababu ya kubahatisha.

Wapinzani wa kukariri wana haki ya kulalamika juu ya mitihani. Swali la "Columbus alisafiri mwaka gani?" likiishia hapo, halimpimi mtoto chochote zaidi ya kumbukumbu. Dawa yake, kwa maoni yangu, si kuifuta miaka bali kuipunguza: michache, kila mmoja na mahali pake kwenye ramani. Miji mikuu mingi ibaki kwenye atlasi. Na mtihani uulize hivi: panga 1488, 1415, 1453 na 1434 kwa mfuatano, kisha eleza kwa nini tukio la 1453 haliwezi kuwa chanzo cha safari za Wareno.